Nyumba Iliyopanda Ngamia

Na Idman Aden, Gredi ya Sita
Eldas, Alhamisi, 30 Oktoba 2025

Naahidi kusimulia yote, hata lile la paa, ambalo Mwalimu Kalekye Munyoki aliomba tuliache. Kesho anastaafu baada ya kufundisha shule yetu miaka thelathini na miwili.

Alikuja kutoka Kitui na sanduku moja na gunia la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, kwa kuwa aliambiwa huku watu hula ngamia tu. Siku hizi ndiye wa kwanza kufika kwa Mzee Kerrow mwenye bucha, naye humwekea nundu.

Katika mwaka wake wa tatu aliliambia darasa lichore nyumba. Msichana mmoja, Weris, alichora ngamia aliyebeba fito na mikeka. Mwalimu akampa sifuri, kwani alitaka nyumba, si mnyama. Weris akaenda kwao akilia.

Kesho yake ayeeyo, yaani nyanya yake, aliibomoa nyumba yao, akaipakia juu ya ngamia na kuileta hadi uwanja wa shule. Hakumgombeza mtu. Alimsalimu Mwalimu, akamkabidhi fito na kumwambia, “Jenga, mwanangu. Ndiyo hii uliyoinyima alama.”

Mwalimu akajenga. Alifunga kamba jinsi kwao wanavyofunga kuni, na paa likamwangukia mbele ya shule nzima. Kicheko cha kwanza kilitoka chini ya mikeka, nacho kilikuwa chake.

Weris alirudishiwa alama zote. Ndiye mama yangu, na picha ile bado ipo ukutani.

Tangu hapo, kila Alhamisi mmoja wetu huleta kitu cha kwao na wengine huuliza. Samsam, aliyehamia kutoka Bute, alileta chombo cha maziwa kinachonukia moshi. Mwalimu alileta kiondo cha mamake, kisha akatupikia muthokoi. Abdilatif aliapa hataonja, akamaliza sahani tatu. Mwalimu hakutufundisha mila ya nani ni bora. Alitufundisha kuuliza kabla ya kutoa sifuri.

Kipindi hicho hakimo katika ratiba yoyote. Kimo kwake tu. Januari tutapokea mwalimu mpya kutoka Busia, na hakuna aliyetuambia kama Alhamisi yetu itabaki.

Mwalimu, asante. Mwenyezi Mungu akupe afya, mvua nzuri Kitui, na mbuzi wasioingia shambani mwako. Naomba unijibu kabla hujapanda basi: yule mwalimu mpya, umeshamweleza kuhusu ngamia?