Bi Fathiya na Kile Kipande cha Ulimi

Bi Fathiya Usi Mmanga anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia maabara yetu ya patholojia kwa miaka thelathini na minne. Alikuja kutoka Makunduchi akitaka kuwa mwalimu, akaishia kutufundisha sote, madaktari wakiwemo.

Kazi yake ilikuwa kuandaa vinyama vilivyotolewa mwilini mwa wagonjwa: kuvigandisha kwenye nta, kuvikata vyembamba kuliko ganda la kitunguu, kuvitia rangi na kuviweka juu ya kioo ili daktari avitazame kwa hadubini. Aliyeingia maabara na bakuli la urojo alitolewa nje. Mara moja aliyetolewa alikuwa mkurugenzi.

Mwaka 2019 alikuja Salhiya, mkulima wa mwani wa Jambiani, miaka ishirini na minne, ana uvimbe kwenye ulimi. Ulitolewa. Dk. Thuwaini alitazama vioo vya kwanza, hakuona baya, akashika kalamu aandike ripoti. Bi Fathiya akamwendea.

"Daktari, usitie saini bado. Hiki kinyama katikati ni laini mno. Nataka nikate ndani zaidi."

"Bi Fathiya, ulimi huota vijivimbe kila siku."

"Naam. Nipe mpaka adhuhuri."

Kwenye kipande cha thelathini na moja zikaonekana seli zilizokaa mafungu mafungu. Ilikuwa saratani adimu ya tishu laini, ambayo kwa kawaida huota kwenye misuli ya paja, na hupenda kuhamia mapafuni bila ya mgonjwa kuhisi kitu.

Dk. Thuwaini akavua miwani. "Ningemwambia aende zake nyumbani," alisema.

Salhiya akapigwa picha ya kifua. Kwenye pafu la kulia palikuwa na doa moja, dogo kama punje ya mtama. Likatolewa Dar es Salaam, pamoja na sehemu ya ulimi iliyozunguka uvimbe.

Aliporudi alizungumza kwa tabu. Bi Fathiya, ambaye kazi yake haikumkutanisha na wagonjwa, akawa anakwenda Jambiani kila Jumapili. Walikaa barazani wakisoma Qur'ani kwa sauti, herufi moja moja. Thaa na dhali, herufi zinazotaka ncha ya ulimi, ziliwatoa jasho wote wawili, lakini zilirudi.

Miaka sita sasa vipimo vya Salhiya ni safi, na ana binti. Wiki iliyopita alikuja maabara akaomba aonyeshwe kioo chake. Aliinamia hadubini kwa muda.

"Kumbe kizuri hivi?" aliuliza.

"Rangi ni yangu," Bi Fathiya akamjibu. "Ubaya ulikuwa wa uvimbe."

Walicheka mpaka wakashikana mikono.

Bi Fathiya, ahsante kwa kila siku uliyosema ngojeni kwanza. Mwenyezi Mungu akupe afya, umri mrefu na wajukuu wanaosikia kuliko sisi.

Sami Hamad, kwa niaba ya wafanyakazi wa maabara