Anselme Thouvenot na Darasa la Shambani

Leo, Jumamosi tarehe 30 Juni 1906, Shule ya Uchoraji ya Vaubexin inapoteza vitu viwili: Bwana Anselme Thouvenot, anayestaafu baada ya miaka ishirini na minane, na darasa lake la shambani, ambalo Bodi ya shule inataka kulifunga. Jambo la kwanza ni la umri, sisi tuliofanya naye kazi tunalipokea. La pili hatujalipokea.

Anselme ni mtoto wa mchonga viatu vya mbao. Alianza uchoraji kwa kunakshi maua kwenye viatu vya mabibi harusi, hadi mji ukamsomesha Paris akiwa na miaka kumi na tisa. Huko walimkalisha miaka miwili mbele ya sanamu za jasi, akichora pua na vidole vya miungu, kabla ya kumruhusu kuchora mtu anayepumua. Siku ilipowadia wakamsimamishia kijana mmoja mzuri ajabu. Anselme akampa miguu mifupi na magoti yaliyovimba.

"Thouvenot," mwalimu akauliza, "huyu ni mungu Apolo au baba yako?"

"Baba, bwana. Apolo hatujawahi kukutana."

Walimcheka wiki nzima. Mwaka uliofuata alifunga mizigo, akarudi nyumbani kuchora watu anaowajua.

Hapa shuleni sheria yake ilikuwa moja: huchori mvuna viazi mpaka umevuna viazi asubuhi nzima. Wazazi walilalamika kuhusu viatu. Wanafunzi walilalamika kuhusu migongo. Mjane Mangin, mwenye shamba, ndiye aliyelalamika kwa sauti: "Nyinyi watoto wa mjini, mnavuna au mnaniulia viazi vyangu?" Lakini kila vuli alituita tena, na supu ya kabichi ilikuwa jikoni.

Ni huyo huyo aliyekubali kutofyeka kipande cha majani ili Anselme amalizie picha yake ya wafyekaji. Siku ya tisa, ng'ombe wake akaingia akala nusu ya majani, yaani nusu ya picha. Anselme alipokuja na turubai begani, mama wa watu akamwambia, "Usininunie, Anselme. Ng'ombe naye anapenda sanaa." Anselme akakaa chini, akamchora ng'ombe. Picha hiyo ndiyo inayoning'inia kwenye ngazi za ofisi ya meya.

Sasa hesabu, maana mimi nilianza hapa kwa kubeba kuni na leo natunza stoo, na penseli zinazotoka zinapitia mkononi mwangu. Darasa la shambani lilianza na wanafunzi saba; leo wapo arobaini na watatu. Chumba cha sanamu za jasi kina kumi na mmoja. Bodi inataka wote warudi chumbani ifikapo Oktoba, kwa sababu, tunaambiwa, matope hayafai. Bibi Célestine Humbert, mwanafunzi wa zamani wa Anselme, amekubali kulishika darasa hilo kwa mshahara ule ule. Hakuna kinachokosekana ila ruhusa.

Anselme, tumekula nawe, tumelowa nawe, na umetuudhi mara nyingi kwa kuchelewesha chakula kwa ajili ya mwanga. Upate afya, magoti yapoe, na majani ya Mangin yawe marefu kila kiangazi.

Na wewe, Mwenyekiti wa Bodi, Bwana Picardel, unasimama kuhutubia baada yetu. Hotuba tutaisikiliza. Kabla kengele ya saa sita haijalia, Anselme akiwa bado ameketi hapa asikie mwenyewe, utujibu: darasa la shambani linaendelea, ndiyo au hapana?