Mama Ngazi na Nyumba Iliyoingia Kwenye Sinema

Ndugu, majirani na marafiki mliofika kumsindikiza mama yetu, familia imenituma mimi, mkwe wake mkubwa, niwasomee maisha yake kwa kifupi, ingawa mwenyewe alizoea kusema kwamba mkwe huyu akishika karatasi, chai itapoa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, mtoto wa nne wa mwashi na mkewe mshonaji, akaanza shule Januari 1949, akamaliza mwaka 1956, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa kwenye cherehani kuliko kwenye hesabu, akasomea ushonaji miaka miwili. Tarehe 2 Februari 1959 aliajiriwa katika karakana ya sare za wauguzi, akaitumikia miaka thelathini na saba, na hakuna kola iliyotoka mkononi mwake ikiwa imepinda.

Tarehe 7 Septemba 1963 alifunga ndoa na fundi rangi aliyekuja kupaka karakana hiyo, ambaye, kwa maneno ya mama, ukuta wa siku mbili aliupaka wiki tatu. Walipanga vyumba viwili vya ghorofani, juu ya ngazi ya mawe yenye vidato ishirini na viwili, wakajaliwa watoto watatu, mke wangu, mdogo wake wa kiume, na kitinda mimba, binti aliyezaliwa Desemba 1973.

Miezi michache baadaye baba aliugua mapafu, akawa mtu wa kitandani. Ndipo watu wa sinema walipokuja kuomba ngazi ile, kwa filamu ya kuchekesha ambayo wengi wenu mmekua nayo, pale bwana harusi aliyechelewa anapoteremka mbio na kiatu kimoja, suruali imemshinda. Majirani walimshauri mama akatae, yeye akamwuliza mgonjwa mwenyewe, naye akajibu, "Waache waje, mke wangu, dari hii nimeshaikariri."

Tarehe 11 Juni 1974, bwana harusi alipoanguka kwenye kidato cha tisa, kicheko kikubwa kilitoka dirishani, mwongozaji akafoka, "Nani huyo anatuharibia?" Mama akatoka, mtoto mgongoni, akasema, "Nisamehe, mwanangu, ni mume wangu, ana miezi minne hajacheka." Mwongozaji alivua kofia, kisha akawaambia wenzake kwamba hapo hapatarudiwa. Baba alifariki tarehe 3 Julai, filamu haijatoka.

Ilipotoka, mama aliifuata mara saba, na kila ikifika kwenye ngazi alifumba macho, akasikiliza. Kitinda mimba wake hana kumbukumbu nyingine ya sauti ya baba, na alifundishwa kuitambua kabla hajajua kusoma. Watu walipoanza kuja kutoka mbali kupaona mahali filamu ilipopigwa, wakambandika jina la Mama Ngazi, naye aliwaonyesha kidato cha tisa, akawapa maji, akawakemea walioegemea kamba yake ya nguo, lakini habari ya kicheko aliwaficha, akituambia, "Hicho ni cha nyumbani." Leo tumeisema kwa ruhusa yake, aliyotupa wiki mbili zilizopita.

Mama alianza kusumbuliwa na moyo Agosti 2018, akalazwa tarehe 20 Januari 2019, na tarehe 9 Februari, saa mbili asubuhi, akatutoka, kitinda mimba wake akiwa anamsuka. Ameacha watoto watatu, wajukuu wanane na kitukuu mmoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliopokezana zamu ya kukesha naye, na wenzake wa karakana. Tunawashukuru pia mke na mume tusiowajua, waliokuja juzi kupiga picha wakakuta msiba, wakaweka kamera chini, wakatusaidia kupandisha viti vyote hadi juu bila kuombwa. Nawaona mmekaa nyuma kabisa, tafadhali sogeeni mbele, mkae na familia.

Mama yetu, kazi umeimaliza, sasa pumzika, amani iwe nawe.