Maisha ya Beatrice Nkirote, Aliyepima Kuku na Kuwaacha Korongo Juu ya Miti

Mchungaji, mashehe mliokuja kusimama nasi, wazazi, majirani na wenzake wa kazini, mimi ni Kaberia, kaka mkubwa wa marehemu, fundi wa kuchomelea vyuma hapa mjini Garissa, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha ya dada yetu kabla hatujamsafirisha kesho kwenda Kirinyaga, nyumbani kwa mumewe. Kuna waliosema asome mtu aliyesoma zaidi, nikawaambia aliyesoma zaidi katika nyumba yetu ndiye huyu aliyelala mbele yetu, kwa hivyo nipeni karatasi, na nitakayoyasema ni yale yaliyotokea, kwa sababu Nkirote hakupenda kupakwa mafuta alipokuwa hai na sitaanza leo.

Beatrice Nkirote alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 huko Mikinduri, Meru, mtoto wa tatu katika watoto sita wa mzee M'Ikiao na mama Kananu, akaja siku ya soko wakati mama alikuwa ameshafunga ndizi zake tayari kuondoka, na mama alikuwa akimwambia kila mwaka kwamba wewe ni mtu wa kuvuruga ratiba tangu mwanzo. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Mikinduri kuanzia mwaka 1978 hadi 1985, akaingia sekondari mwaka 1986 na kumaliza 1989, na katika miaka hiyo yote kitu alichokipenda kuliko vingine ni kupasua, maana kuku akichinjwa nyumbani sisi tulikuwa tunangoja nyama, yeye anangoja maini ayageuze juani akitafuta madoa, mpaka baba akamuuliza kama anataka kuwa mpishi au polisi. Mwaka 1990 alijiunga na chuo cha afya ya wanyama Kabete, akatoka na cheti mwaka 1992, na baadaye akarudi darasani akiwa mama wa mtoto mmoja, akapata stashahada ya maabara mwaka 2003.

Aliajiriwa na serikali tarehe 1 Julai 1993, na mwaka 1995 akapewa barua ya kwenda Wajir, mama akalia kama mtu aliyeambiwa mwanawe anapelekwa mwezini, lakini Nkirote alikaa huko miaka tisa akipima damu za ngamia na mbuzi, akajifunza Kiborana cha kutosha kugombana na Kisomali cha kutosha kusamehewa. Ni huko Wajir alikokutana na mwalimu Gichuki, mwalimu wa hesabu, ambaye alileta maabara jogoo wake mmoja aliyekuwa anazubaa, akaambiwa kwa uso mkavu kwamba jogoo huyu hatapona na kama unataka kujua sababu lazima tumfungue, akakubali, na hivyo ndivyo mwalimu alivyoingia na jogoo akatoka na mchumba. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1999 katika kanisa la Kerugoya, Mungu akawajalia mabinti wawili, Wanji aliyezaliwa mwaka 2001 na Kananu aliyezaliwa mwaka 2005, na mwaka 2004 walikuwa wameshahamia hapa Garissa, mimi nikawafuata mwaka uliofuata na mashine yangu ya kuchomelea, eti nakuja kwa miezi miwili.

Sasa wengi wenu mmekuja kwa sababu ya yale ya mwaka 2019, na nisipoyasema vizuri Arbia atanyanyuka pale alipokaa anisahihishe, kwa hivyo nitayasema. Arbia alikuja mjini kutoka Modogashe baada ya ukame wa 2017 kumaliza mbuzi wake wote, mjane mwenye watoto, akaanza kufuga kuku, jambo ambalo kwa watu wa ngamia si la kujivunia, shemeji zake wakamcheka wakimuuliza, "Hawa utawafunga kengele ya shingo, ama utawahamisha kwa mvua?", lakini akakaza roho, akakusanya wanawake wenzake wa bulla ile, yaani mtaa ule ulio karibu na kichinjio, na ndani ya mwaka mmoja hoteli zote kubwa za mjini zilikuwa zinakula mayai yao. Wanawake hawa hawakujua kufuga kuku kama sisi watu wa milimani tunavyofuga, wao walifuga kuku kama wanavyofuga ngamia, kila kuku ana jina, ana mama anayejulikana, ana nyanya anayejulikana, na mwenzao akipoteza mifugo kila mmoja anamtolea mnyama ili nyumba isimame tena, na hutoi mnyama hafifu, unatoa yule aliyepita kiangazi akabaki na miguu yake.

Mwezi wa Machi mwaka huo kuku walianza kufa, kilemba kinapauka, kinyesi kinakuwa cha manjano na kijani, kuku anajikunyata pembeni na kesho yake amelala miguu juu. Watu walisema ni kideri, wakachanja, kuku wakaendelea kufa, na hapo ndipo Kulow, mwenyekiti wa kamati ya bulla, ambaye namwona pale nyuma akijificha kwenye kivuli cha hema, aliposimama na kuonyesha kidole juu ya migunga ya kichinjio, kwa wale korongo wenye upara na mfuko shingoni wanaokula matumbo jalalani halafu wanatua kwenye paa za mabanda, akasema, "Wachawi ni hawa." Kamati ikapitisha kwamba miti itakatwa na nyama yenye sumu itatupwa jalalani, siku ikapangwa, na ukweli usemwe, watu wengi tulimpigia Kulow makofi, kwa sababu korongo ana sura ya mtu mwenye hatia.

Nkirote aliwaomba wangoje, akasema sumu ile italiwa na mbuzi na mbwa kabla ya ndege, na korongo wakifa na kuku wakaendelea kufa mtamlaumu nani tena, Kulow akamjibu kwamba atapewa mpaka siku iliyopangwa na hataongezewa hata asubuhi moja. Basi akaingia kazini, akawafungua kuku waliokufa akakuta maini yamevimba yana rangi ya shaba, akaotesha vijidudu kwenye visahani vyake, akapata homa ya matumbo ya kuku, ugonjwa wa bakteria, si kideri hata kidogo. Kisha akaenda chini ya migunga akiwa amevaa koti la mvua siku ya jua kali, na mkikumbuka ni nini kinachodondoka kutoka juu ya ile miti mtaelewa sababu ya koti, akaokota kinyesi cha korongo, akakipima pia.

Na hapa ndipo nilipomheshimu dada yangu kuliko siku nyingine yoyote, maana korongo walikutwa na vijidudu kweli, binamu wa yule muuaji lakini si yeye, na angeweza kunyamaza juu ya hilo, nani angejua, ila alisimama mbele ya kamati akasema yote mawili. Kulow akaruka, "Si nilisema! Wamepatikana!", naye akamjibu, "Mwenyekiti, kila kiumbe kina vijidudu vyake tumboni, nikikupima wewe leo utakatwa pamoja na miti", watu wakacheka, lakini kicheko hakikuondoa ile siku, na kuku walikuwa wanakwisha.

Kilichomsumbua Nkirote ni kwamba nyumba ilikuwa ikimaliza kuku wote, inatulia, halafu inapata kuku wapya na ugonjwa unarudi, kwa hivyo akaacha kuuliza kuku wamekula nini, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akiuliza, huyu alitoka kwa nani, na mama yake alitoka kwa nani. Mahali pengine popote katika nchi hii mfugaji angemwangalia kama mtu aliyepungukiwa, lakini wale wanawake walimjibu bila kufikiri, huyu ni binti wa fulani niliyepewa na Saynab, na yule wa Saynab ni mjukuu wa fulani, ukoo mzima mpaka juu, na kila ukoo alioupanda ulimfikisha mlango mmoja, kwa Arbia, kwa kuku wa manjano anayeitwa Dahabo. Dahabo alikuwa ameugua mwanzo kabisa wa msimu ule akapona, bulla nzima ikamsifu, na kila nyumba iliyopata hasara Arbia aliitolea binti wa Dahabo, maana ndiye mwenye damu ngumu, kumbe kuku aliyepona ugonjwa huu anabaki nao mwilini, anautoa kwenye kinyesi na hata ndani ya yai, huku yeye mwenyewe anatembea kama bibi harusi.

Nkirote hakutaka kulisema hilo mkutanoni kabla ya mwenyewe kulisikia, akaenda kwa Arbia, wakanywa chai, akamwambia, na mimi nilikuwa hapo nje nikifunga mlango wa banda kwa hivyo nilisikia kila neno, kwa sababu Arbia hakusema kwa sauti ya chini. "Abaayo Nkirote," akasema, na abaayo ni dada, lakini siku ile halikutoka kama neno la udugu, "umekunywa chai yangu, sasa unaniita muuaji? Hii kuku imelisha watoto yangu!" Nkirote akamwambia sikuiti wewe, namwita kuku, na kama nimekosea nitaomba msamaha mbele ya watu wote na Kulow apige makofi, Arbia akamfukuza, akamwita tena kabla hajafika barabarani, akamfukuza mara ya pili, na chai ilikuwa bado haijapoa.

Tarehe 22 Juni 2019, Jumamosi, siku iliyopangwa, watu walikusanyika kichinjioni na mashoka, msumeno na ile nyama yenye sumu ya Kulow ndani ya ndoo, Nkirote akaweka meza yake chini ya mti na kigae cheupe juu yake, akawa anangoja, na sijamwona akingoja namna hiyo hata siku ya harusi yake. Arbia alitokea amempakata Dahabo chini ya buibui, hakumsalimia mtu, akafunua bawa la kuku mwenyewe, akasema, "Toboa." Tone moja la damu likawekwa kwenye kigae, likachanganywa na tone la dawa ya zambarau, Nkirote akaeleza kwa sauti kwamba likibaki laini kama maziwa kuku ni mzima, likikatika vipunje kama maziwa yaliyoganda kuku amebeba ugonjwa, akakitikisa kigae taratibu, na vipunje vikatokea mbele ya macho yetu sote. Arbia akaangalia kigae, akaangalia miti, akamgeukia Kulow akamwambia, "Rudisha hiyo ndoo nyumbani, na mke yako aifunike, mbuzi isikule", kisha akamkabidhi Nkirote kuku wake, akafunika uso, na wale wanawake mmoja baada ya mwingine wakapanga mstari na mabinti wa Dahabo mikononi.

Waliokutwa na ugonjwa walichinjwa wakachomwa shimoni, hawakuliwa, mabanda yakasafishwa yakapakwa chokaa na kukaa matupu mpaka mvua za vuli, maji ya kuku yakaanza kufunikwa kwa sababu Nkirote hakuwapa korongo cheti cha usafi, na vifaranga safi vikaletwa. Desturi ya kutoleana haikufa, alikuwa mkali kwa yeyote aliyesema ife, ila tangu siku hiyo kuku wa zawadi anapitia kwanza kwenye kigae, kisha anakaa peke yake wiki tatu, ndipo anaingia kwa wenzake na pete ya waya mguuni, na pete hizo nazikunja mimi, kwa hivyo mkiona imelegea njooni mnigombeze mimi. Kuku wa bulla ile hawajafa namna ile tena, wanawake wa Wajir na hata Kutulo wameiga, na Kulow alikuja ofisini mwaka jana kulalamika kwamba ndege wa Nkirote wamechafua pikapu yake, akaambiwa aoshe.

Dada yetu alianza kuumwa tumbo mwezi wa Julai 2024, akadhani ni vidonda, mwezi wa Septemba akaambiwa Nairobi kwamba ni saratani ya kongosho, na alimwuliza daktari maswali mengi mpaka daktari akamwuliza na yeye anafanya kazi hospitali gani, akasema hospitali ya kuku. Alitibiwa Nairobi kisha akaomba arudi Garissa, akaendelea kwenda maabara kila alipoweza kusimama na mara nyingine alipokuwa hawezi, mpaka Jumanne tarehe 11 Februari 2025, alfajiri, alipotuacha akiwa nyumbani na mumewe na mabinti zake wakiwa wamemshika mikono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Nairobi na wa hapa Garissa, waliomtibu na kuvumilia ushauri wake, inawashukuru wafanyakazi wenzake, hasa Dullo, ambaye alimpelekea visahani kitandani ili avitazame, inamshukuru mchungaji, inawashukuru majirani wa dini zote waliochimba mashimo ya hema na kuleta maji, na Arbia na wenzake, ambao tangu Jumanne wamepika hapa kana kwamba marehemu alizaliwa Modogashe. Mzee Kulow, asante kwa pikapu iliyobeba viti.

Jambo la mwisho si langu, ni lake, alilisema Jumapili ile ya mwisho na akanilazimisha nilirudie mpaka nikalijua, kwamba kazi ya maabara isisimamishwe kwa sababu ya msiba, kwa kuwa bakteria hawatakuja kutoa rambirambi. Kwa hivyo Alhamisi hii, saa mbili asubuhi, Dullo atakuwa na kigae pale pale kichinjioni, walio na kuku wa kutoa au wa kupokea wawalete, na asiyewaleta asiseme nilinyamaza.

Mwanzo nilitaka kusema mengi zaidi, lakini karatasi naikunja hapa. Nkirote, kazi tumeipokea. Pumzika sasa, kwa amani.