Orrin Haverkamp, Mdakaji Aliyengoja Mvua Ikatike

Marehemu Orrin Dale Haverkamp alizaliwa tarehe 14 Aprili 1949 katika shamba la mahindi nje ya Ottumwa, Iowa, mtoto wa pili wa Clement na Verna Haverkamp. Alisoma hapa hapa mjini na kumaliza sekondari Mei 1967. Kaka yake Wendell ndiye aliyemfanya kuwa mdakaji wa besiboli. Wendell alirusha mpira kwa nguvu, na pale shambani hakuna mwingine aliyekubali kuchuchumaa mbele yake.

Juni mwaka huo alisaini mkataba wa kucheza besiboli ya kulipwa. Kwa miaka kumi na minne alichezea timu kumi na moja za ligi za chini. Gongo la kupigia mpira halikumpenda, lakini alikabidhiwa warushaji vijana wasiojua mpira wao utaangukia wapi, akawanyoosha, wakapanda ligi kuu. Yeye alifungasha virago kwenda mji mwingine. Jambo hilo lilimuuma, nasi nyumbani tulijua.

Alifunga ndoa na Lorna Teske tarehe 5 Februari 1972, kwenye theluji, maana majira ya joto yalikuwa ya besiboli, hayakuwa yake. Mbele ya mchungaji, vidole vyake vilivyokwishavunjika mara sita vilikataa pete. Lorna, mama yangu, akamnong'oneza, "Ivae shingoni basi, usitucheleweshe, watu wana njaa." Aliivaa shingoni kwenye mkufu hadi mwisho.

Mimi, Janelle, binti yake wa pekee, utotoni nilimjua baba kwa mgongo. Familia huketi nyuma ya mdakaji, naye mchezo mzima huwapa mgongo. Nilitamani sana ageuke, walau mara moja.

Septemba 1979 mdakaji mmoja wa ligi kuu aliumia, baba akaitwa. Kwa siku kumi aliwapasha moto warushaji nyuma ya uzio wa mbali, bila kucheza. Jumapili tarehe 30, siku ya mwisho ya msimu, mama aliendesha gari kwa muda wa saa tisa ili tuwepo. Awamu ya nane, kati ya tisa za mchezo, kocha akamwita. Baba akaanza kuvuka uwanja kuja upande wetu, barakoa yake ya chuma ya kudakia kwapani, na kwa mara ya kwanza nikamwona uwanjani kwa uso. Alikuwa anacheka. Kabla mtangazaji hajamtaja jina, mvua ikamwagika. Waamuzi walisubiri saa nzima, kisha wakavunja mchezo. Tulimkuta benchini, vikinga bado miguuni.

"Twende, Orrin," mama alimwambia.

"Ngoja kidogo. Huenda ikakatika."

Hakuitwa tena, na katika vitabu vya ligi kuu jina lake halimo. Alistaafu 1981, akafanya kazi kwenye maghala ya nafaka kwa miaka ishirini na tisa. Kila mvua iliponyesha alisimama barazani.

"Ingia ndani, mzee, utalowa."

"Naangalia tu, Lorna."

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2018. Aliaga dunia nyumbani, Alhamisi tarehe 6 Mei 2021. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ikinyesha. "Imekatika?" alimuuliza mama. "Bado kidogo," mama akamjibu, akivishika vile vidole vilivyopinda. Hakuuliza tena.

Ameacha mjane, Lorna, binti, Janelle, kaka, Wendell, wajukuu wawili, Curtis na Maren, na warushaji wengi, sasa wazee, ambao simu zao hazijakoma wiki hii.

Leo tumekuja makaburini na miavuli, na hakuna aliyeufungua wake. Imekatika, baba. Pumzika.