Historia ya Marehemu Mihayo Ngeleja, Aliyeingia Mashindanoni na Dumu la Maji

Baba Paroko, viongozi wa mtaa, wazee wetu mliotoka Kasoli na Lalago, majirani, waendesha baiskeli mliokuja na jezi zenu, na ninyi watani wetu Wagogo ambao tangu asubuhi mmekalia tela na kukataa kushuka, familia imenituma mimi Maduhu, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha ya kaka yetu, na imeniagiza nisome yaliyotokea, si yale yanayosimuliwa vilabuni, maana marehemu alikuwa na hasira za karibu, na kilichomkasirisha kuliko vyote ni kusifiwa kwa jambo ambalo hakulifanya.

Marehemu Mihayo Ngeleja alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kata ya Kasoli, wilaya ya Bariadi, wakati huo ikiwa katika mkoa wa Shinyanga, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Ngeleja na mama Nyanjige, wakulima wa pamba na mpunga, na alibatizwa mwaka huohuo.

Alianza shule ya msingi Kasoli mwaka 1974 na kumaliza darasa la saba mwaka 1980, hakuchaguliwa kuendelea, wala hakulia. Ufundi wa baiskeli hakufundishwa na mtu, alijifunza Jumapili moja wazazi walipokwenda misa, akaifungua Phoenix ya baba yote na kuipanga juu ya mkeka, na baba aliporudi alimchapa kwanza ndipo akamwambia airudishe ilivyokuwa, naye akairudisha kabla jua halijazama, ikatembea vizuri, ila nati moja ilibaki, na hadi leo hatujui ilikuwa ya wapi.

Mwaka 1986 aliletwa huku bwana shamba kutoka Dodoma, ndugu Constantine, ambaye wote mnamwona pale amekalia tela, naye alikuja na vipando vya mizabibu amevifunga kwenye gunia bichi, akavipanda kwenye kilima cha Ng'hesha, juu ya mbuga ya mto Simiyu. Watu walicheka, walisema Mgogo ameota kwao akaamka kwetu. Mizabibu ilishika, lakini kiangazi ilitaka maji, na maji yako mtoni, kwa hiyo marehemu akachukua kazi ya kuyapandisha, dumu moja kila upande wa keria na la tatu juu, akipita tambarare ya majaruba ya mpunga, kisha akikipanda kilima bila kuteremka kusukuma. Hapo ndipo miguu yake ilipotengenezwa, na hapohapo ndipo alipopata ugonjwa mmoja wa ajabu, kwamba hakuweza tena kuendesha baiskeli isiyo na mzigo. Ikiwa tupu ilikuwa inamtetemekea, usukani ukicheza kama pembe za ndama.

Sasa yasikilizeni haya ya Saba Saba ya mwaka 1991, maana yamepotoshwa sana. Wakati huo marehemu alikuwa amekwisha kumpenda Rhoda, binti wa mzee Ndaki wa Lalago, na mzee Ndaki alikuwa amemkataa mara mbili, akisema hatoi binti kwa kijana anayekimbiza baiskeli pasipokuwa na safari. Siku hiyo yalifanyika mashindano, kutoka Bariadi mjini, kupita Sapiwi, kuzunguka mbuga ya mto, kupanda Ng'hesha na kurudi, na wenzake wote walikwenda na baiskeli tupu, yeye amefunga dumu la maji kwenye keria kwa mpira. Alikuwa wa mwisho. Alipofika kwenye mizabibu alisimama, akamwaga nusu ya maji kwenye mashina, akaendelea. Mzee Ndaki, aliyekuwa kando ya njia pale Sapiwi, alisikia watu wakisema kijana yule alikuwa ameahidi kupeleka maji siku hiyo, na amekubali kushindwa kuliko kuvunja ahadi, na ile habari ilimwingia, akatuma neno kwamba Mihayo alete wazee wake.

Si kweli. Hakukuwa na ahadi yoyote, na wanaoendelea kuisimulia hivyo leo wapo hapa na wananisikia. Dumu lilikuwa la kuituliza baiskeli, na nusu aliimwaga kwa kuwa kushuka kilima na dumu zima kungemvunja shingo.

Constantine alimsihi anyamaze mpaka ng'ombe wafike Lalago na ndoa ifungwe, ndipo aseme akitaka. Marehemu hakulala vizuri wiki nzima, na tarehe 3 Agosti 1991 alikwenda Lalago peke yake, akakuta kuku amekwisha kukamatwa kwa ajili yake, na kabla hajakaa vizuri kwenye kigoda alisema, "Baba, lile dumu halikuwa ahadi, ni woga, baiskeli ikiwa tupu inanitetemekea." Mzee Ndaki alimtazama, akaagiza kuku afunguliwe. Kisha alimwambia kwamba Saba Saba ijayo atasimama palepale aliposimama mwaka huu, naye akipita bila dumu alete ng'ombe, akipita na dumu apitilize moja kwa moja. Rhoda alikuwa nyuma ya ghala akisikia yote, akamfuata njiani kumwambia kwamba ni mjinga, na alipomaliza kumwambia hilo aliongeza, "Unaikaba hiyo baiskeli kama umekamata mwizi. Iachie."

Mwaka mzima alikuwa akiachia. Alipunguza maji kidogo kidogo, wiki hii dumu limejaa, wiki ijayo limepungua, mpaka akaendesha na dumu tupu, kisha na mpira wa kufungia peke yake, na kila alipopunguza alianguka, mara nyingi ndani ya majaruba, wanawake waliokuwa wakipanda mpunga wakimwambia asiwaharibie miche, na Constantine akipita kando yake kwa baiskeli akitangaza kama redioni kwamba Msukuma amekwenda kuoga.

Tarehe 7 Julai 1992 alifika Sapiwi akiwa wa kwanza, mbali na wenzake, keria tupu, mikono imelegea juu ya usukani, na mzee Ndaki amesimama kando ya njia kama alivyosema. Hapo marehemu alifanya kosa ambalo halifanywi ila na mtoto aliyelelewa kwetu. Alimwona mkwe, akaona haiwezekani kumpita mkwe juu ya baiskeli, akashuka, akailaza chini, akachuchumaa na kusalimia mwangaluka, akauliza habari za nyumbani, za mifugo na za mama, na wakati huo wenzake walikuwa wakimpita mmoja baada ya mwingine. Mzee Ndaki alijibu salamu zote, maana naye hakuweza kuzikatisha, kisha akasema, "Ulikuwa wa kwanza, mjinga wewe. Nani amekuambia ushuke?" Marehemu alimaliza wa nane. Jioni hiyohiyo mzee alimwita nkwilima mbele za watu, yaani mkwe, na wiki iliyofuata kuku yule hakufunguliwa.

Ndoa takatifu ilifungwa Lalago tarehe 16 Januari 1993, na marehemu alimchukua mke wake kwa baiskeli kutoka Lalago hadi Kasoli, amekaa kwenye keria na gauni lake amelikusanya, na shemeji Rhoda mwenyewe anasema baiskeli ilitulia kama imesimama. Mungu aliwajalia watoto watatu, Ng'washi mwaka 1994, Jeremia mwaka 1997 na Precious mwaka 2003, na wajukuu watano.

Mwaka 2001 walihamia hapa Bariadi mjini, akafungua karakana yake karibu na soko, akikuambia tairi limekwisha basi limekwisha, na ukibishana naye alikurudishia baiskeli yako uende nayo. Mwaka 2009 alianzisha chama cha waendesha baiskeli, na kila Jumapili baada ya misa alitoka na vijana, wakifuata mto kwenye tambarare, upepo ukiwa usoni, kisha kilima, kisha zabibu za Constantine, ambazo walizila bila kuombwa wasile. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba ukimkuta mzee njiani unashuka na kusalimia, hata kama ni mashindano, na ndiyo maana vijana wetu wanapendwa sana na wazee na wanashindwa sana na watu wa Mwanza. Ng'washi peke yake ameshinda mara mbili, na baba yake alimuuliza kama njiani hakukuwa na wazee.

Mwezi Machi 2024 alianza kusumbuliwa na moyo, akakatazwa kilima, akatii kwa njia yake, yaani alipanda kwenye keria ya Ng'washi na kupandishwa Ng'hesha akilalamika kwamba binti anakosea gia. Tarehe 30 Agosti 2025 alizidiwa, akapelekwa Mwanza kwa gari la wagonjwa, na alfajiri ya tarehe 9 Septemba 2025 akafariki dunia, mke wake akiwa amemshika mkono.

Familia inamshukuru Mungu, inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bariadi na Mwanza, majirani mliopika na kulala nje nasi, mafundi wenzake wa sokoni na chama chote cha baiskeli.

Limebaki moja, na tunalisema wazi ili lisisemwe pembeni. Marehemu aliagiza apelekwe kaburini, pale shambani kwake chini ya Ng'hesha, kwa tela la baiskeli alilolichomelea mwenyewe kwa ajili ya madumu. Baba yetu mkubwa, mzee Nkinda, alikataa, kwa haki yake, akisema watu watadhani ukoo mzima umeshindwa kukodi gari. Tulibishana siku mbili, mpaka jana shemeji yetu Rhoda alipoinuka mkekani na kusema, "Gari limempeleka Mwanza, limenirudishia maiti. Huyu ujanani aliogopa baiskeli tupu. Leo mzigo ni yeye, haitatetemeka." Mzee Nkinda akauliza nani atavuta.

Watavuta Ng'washi na Jeremia, tutapita Sapiwi na kando ya mto, na tutasimama kwa kila mzee tutakayemkuta njiani, aliye na haraka atangulie. Constantine, shuka sasa kwenye tela, mtani wako anataka kupanda.

Kaka Mihayo, iachie. Pumzika kwa amani.