Mtambo Dirishani kwa Edna

Katika basi la Riverdale Park, Marekani, wanaume wawili nyuma ya Adela walibishana kwa Kiswahili, kama watu wanaodhani hakuna anayewaelewa.

"Hao wa Ulaya si wapunguze tu stima!" alisema mmoja, Mkenya kwa lafudhi yake. "Hiyo nyuklia ikilipuka, utahepa wapi?"

"Ndugu yangu, wakipunguza umeme, watu watakufa kwa baridi," mwenzake Mtanzania akajibu. "Bora mtambo."

Adela akaikumbatia simu yake. Mdogo wake Edna alikuwa amejifungua juzi huko Ubelgiji. Dirishani kwake mtambo wa nyuklia unaonekana, na jana alisema wamezima hita ili kubana matumizi. Adela hakujua aogope lipi, mtambo au baridi.

Akageuka. "Samahani, kaka zangu. Na mwenye kichanga, anayeishi karibu na mtambo na hita amezima, afanyeje?"

Wakatazamana. Basi likasimama, wakashuka.